Mshahara Unaovuma

IELEWEKE KWA UMMA WOTE, wa karibu na wa mbali, wenye mwiko na wasio na mwiko, kwamba kuanzia Jumatatu tarehe kumi na sita Agosti, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tisa, mafundi wote wanaojenga majengo ya serikali kati ya Kitengela na Kisaju watalipwa MSHAHARA UNAOVUMA. Asiyeelewa aulize. Atakayeuliza atajibiwa kwa maandishi.

Tangazo hili lilibandikwa saa mbili asubuhi kwenye ukuta wa bucha, kwa kuwa Ofisi ya Uratibu wa Viwango vya Ujenzi haikuwa na ubao wa matangazo. Lilibandikwa kwa ugali, kwa kuwa haikuwa na gundi. Kufikia saa nne mbuzi wa mwenye bucha, ambaye hakuwa na muda mrefu wa kuishi na pengine alijua, alikuwa amelila kuanzia kona ya saini. Bwana Wakhungu, mwenye saini hiyo, alipofika kulikagua alikuta limebaki neno moja tu: UNAOVUMA. Akaridhika. Hilo ndilo lilikuwa neno la maana, na mbuzi alionyesha busara kwa kuliacha.

Bwana Wakhungu alikuwa Kaimu Mratibu. Alikuwa Kaimu kwa miaka kumi na mmoja. Mtoto aliyezaliwa siku alipoteuliwa kukaimu alikuwa sasa yuko darasa la tano na anajua kugawanya desimali. Kaimu hufanya kazi zote za Mratibu isipokuwa moja: haruhusiwi kukalia kiti chenye mikono. Kwa mujibu wa kanuni, kiti chenye mikono ni cha aliyethibitishwa. Bwana Wakhungu alikuwa amekwisha kukichagua chake kwa seremala wa pale barabara ya Namanga, kiti cha mvule chenye mikono mipana ya kutosha kuweka kikombe upande huu na mhuri upande ule. Alikuwa akipita kukikalia kila Ijumaa jioni, dakika tano, kisha anakwenda nyumbani.

Sasa makao makuu Nairobi yalikuwa yamemwandikia. Kulikuwa na waraka mpya kuhusu malipo ya mafundi. Kama angeusimamia vizuri kwenye jengo moja tu, zahanati mpya iliyokuwa inajengwa kwenye mbuga kabla hujafika Kisaju, na kama zahanati hiyo ingekuwa imekamilika siku ya ukaguzi, Ijumaa tarehe ishirini na saba, angethibitishwa. Bwana Wakhungu aliisoma barua hiyo mara nne. Mara ya tano aliisoma akiwa ameweka viwiko hewani, kama mtu aliyeegemea mikono ya kiti.

Waraka wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, kurasa arobaini, ibara thelathini. Ulisema kwamba katika majengo ya umma fundi alipwe mshahara ulio kadiri ya mahali pale. Ulisema pia utafsiriwe kwa Kiswahili ili mafundi wauelewe, na makao makuu yakatuma pesa za kumlipa mtafsiri. Ofisi ikampata mtaalamu wa lugha wa hali ya juu, mtu mwenye kipaji kisicho cha kawaida, mpole, mwenye sura ya kupendeza, ambaye kwa sababu za usalama jina lake halitatajwa hapa.

Mtaalamu huyo alifungua kamusi. Kamusi ikamweleza kwamba neno lile kubwa la Kiingereza, prevailing, hutumika sana kwa habari za upepo, yaani ule unaovuma mahali fulani kuliko pepo nyingine. Mtaalamu akaandika: mshahara unaovuma. Kisha akafunga kamusi na kwenda kula.

Phylis, mpiga chapa wa ofisi, aliipiga tafsiri hiyo kwenye mashine ya taipu. Phylis alikuwa na sifa moja iliyomfanya aheshimiwe hadi wilayani: alipiga kila kitu alichokiona kwenye karatasi. Hakuongeza, hakupunguza, hakufikiri. Nakala ya Kiingereza ilikunjwa ikawekwa chini ya mguu mfupi wa meza yake, na meza ikaacha kucheza. Bwana Wakhungu akasoma ukurasa wa kwanza wa tafsiri, akatia saini zote arobaini, akaituma Nairobi. Nairobi wakazitia zao arobaini, wakairudisha. Serikali ilikuwa imekubaliana na serikali.

Likabaki swali moja la kitaalamu.

"Phylis," aliuliza Bwana Wakhungu, "kitu kinachovuma kinapimwa na nini?"

Phylis alikuwa anafuma sweta ya mtoto. "Kama ni ngoma, na masikio. Kama ni upepo, na kale kasoksi kanawekwanga uwanja wa ndege."

"Ngoma haiko kwa waraka."

"Basi ni upepo, Bwana Wakhungu."

Hivyo ndivyo sera hutungwa katika nchi yenye watu waliosoma.

Ofisi haikuwa na fungu la kununua soksi ya uwanja wa ndege. Bwana Wakhungu akajitolea. Alikata mguu wa kushoto wa suruali ya suti yake ya kaunda, ile ya rangi ya udongo aliyoivaa siku alipoteuliwa kukaimu, Phylis akaushona mdomo kwa waya, na mguu ukapandishwa juu ya mlingoti pale kwenye uwanja wa zahanati. Mlingoti ulichimbiwa na fundi mkuu wa mawe, Munguti, mtu wa Makueni, mrefu, mwenye mwiko mfukoni hata akiwa kanisani. Munguti aliuweka upande wa magharibi wa jengo, ambapo palikuwa na nafasi, akaumwagia zege la futi nne. Katika mradi ule wote, hilo ndilo zege pekee lililopata simiti yake kamili. Bwana Wakhungu akaandika ibara ndogo ya kuongezea: mlingoti hautahamishwa bila kibali cha makao makuu, nakala tatu.

Kipimo kilikuwa rahisi. Mguu ukining'inia, fundi analipwa sitini kwa siku. Ukiinuka hadi gotini, mia na hamsini. Ukinyooka kama mkono wa trafiki anayesimamisha gari, mia nne. Mtu wa mkono, yaani yule anayembebea fundi mawe na karai, analipwa nusu yake. Kazi ya kusoma kipimo alipewa mlinzi wa uwanja, mzee Kisemei, kwa sababu tayari alikuwa analipwa kwa kusimama nje akitazama.

"Mimi nisome nini?" aliuliza Kisemei. "Hapa hakuna maandishi."

"Unaangalia juu, unatuambia kama upepo uko."

"Hiyo tu? Hiyo hata ng'ombe inajua."

"Ng'ombe hana cheo," alisema Bwana Wakhungu. "Wewe sasa ni Msomaji wa Kipimo."

Jumatatu hiyo upepo ulikuja. Mnamo Agosti, baridi ikianza kuisha, upepo wa mbuga ya Kitengela hutoka mashariki bila kitu cha kuuzuia, na jengo wakati huo lilikuwa msingi tu. Saa tisa alasiri mguu wa suruali ulinyooka kwa ubavu, umejaa, kama kuna mtu ndani yake. Kisemei aliangalia juu. "Etii," alisema, yaani upo. Phylis, ambaye siku hiyo alikuwa ameletwa na daftari, akaandika: etii.

Munguti alivua kofia. "Mkubwa," alimwambia Bwana Wakhungu, "miaka yangu ishirini ya mjengo wakandarasi wamekuwa wakinilipa hewa. Leo angalau imeandikwa."

Aliyepata shida alikuwa Musau. Musau alikuwa mkandarasi, yaani mtu anayesimama kando ya jengo akichezesha funguo za pikapu.

"Mia nne?" alisema Musau. "Kwa fundi wa mawe? Bwana Wakhungu, huu ni upepo ama ni chama cha wafanyakazi?"

"Ni waraka, Bwana Musau. Tayari una saini themanini."

Lakini jioni ile, akiwa kwa seremala, juu ya kile kiti, Bwana Wakhungu aliona kasoro kubwa. Fundi mia nne. Marupurupu yake yeye, ya kutoka ofisini kwenda kusimamia kazi, yalikuwa mia tatu na hamsini kwa siku. Haiwezekani mtu aliyepakaa simiti hadi kwenye nyusi ampite Kaimu. Asubuhi alimwandikia Bi Wanjira, mkaguzi wa makao makuu, akipendekeza kwa heshima na taadhima kwamba marupurupu ya maafisa wote waliotia saini waraka nayo yawe yanayovuma, mara mbili ya fundi, ili kudumisha nidhamu.

Barua ya kuthibitishwa kwake ilikuwa njiani kwa miaka kumi na mmoja. Hii ilijibiwa kwa siku mbili. Bi Wanjira aliidhinisha, na chini ya mhuri akaongeza kwa kalamu maneno mawili: "pamoja nami."

Kulikuwa na jambo jingine dogo kwenye barua hiyo. Kutokana na ripoti ya Phylis ya kila siku, ambayo siku moja ilikuwa imeandikwa "kipimo: metii", makao makuu yaliomba ufafanuzi: metii moja ni sawa na kilomita ngapi kwa saa? Bwana Wakhungu alijibu kwamba inategemea. Makao makuu yakashukuru kwa ufafanuzi, na tangu hapo metii ikatambuliwa rasmi. Mzee Kisemei hakuulizwa. Kwa Kimaasai neno hilo linamaanisha "haupo".

Na kweli siku hiyo mguu ulining'inia, na siku iliyofuata pia. Munguti alitazama juu, akaona mguu umelegea. Akatazama mbugani, akaona nyasi zinalala kwa upepo. Akatazama tena juu. Kisha akatazama ukuta wa mashariki, ambao vijana wake walikuwa wameupandisha safu kumi tangu siku iliyotangulia kwa sababu Musau aliwahimiza sana waanze na huo, hata akawanunulia maziwa.

"Simameni!" alisema Munguti. "Wekeni mwiko chini. Kila jiwe tukiweka hapa, suruali inashuka."

Kijana mmoja aliyekuwa amebeba karai alicheka. "Yaani tunajijengea njaa?"

"Tena kwa pima maji," alisema Munguti. "Njaa iliyonyooka."

Wakatoa safu zote kumi, jiwe moja moja, kwa utaratibu. Wakaenda kujenga upande wa kaskazini. Halafu kusini. Halafu magharibi, wakiacha mianya ya kutosha kuruhusu upepo utoke upande wa pili na kufika mlingotini. Wakapandisha mbao za paa na mabati. Wakatia fremu, milango, na kufuli nzuri ya shaba kwenye mlango wa mbele. Kufikia Jumatano ya wiki iliyofuata zahanati ilikuwa na kila kitu isipokuwa ukuta wa mashariki. Upande huo ilikuwa wazi kama banda la maonyesho. Jumanne pundamilia wawili waliingia wodi ya kina mama, wakakaa kama nusu saa wakipata kivuli, wakatoka. Kisemei alikuwa amefunga mlango wa mbele kwa ufunguo wakati wote huo. Kazi yake aliifanya vizuri.

Sasa tumfikirie Bwana Wakhungu bila chuki. Mguu wa suruali ulikuwa umenyooka tena, na marupurupu yake yalikuwa mia nane kwa siku, pesa ambazo hajawahi kuziona zikija zenyewe. Moyo wa marupurupu ulisema: acha wazi. Lakini ukaguzi ulikuwa Ijumaa, na hakuna kamati duniani inayoweza kuita kitu hicho zahanati iliyokamilika. Moyo wa kiti ulisema: jenga. Alilala nayo Jumanne. Asubuhi kiti kilikuwa kimeshinda.

Alimkuta Munguti amekaa juu ya mawe akinywa chai, na Musau amesimama kando na funguo zake.

"Munguti, nataka ukuta."

"Hata sisi tunautaka, mkubwa. Lakini tukijenga, ni sitini. Sitini ni unga kilo mbili na nauli ya kurudi nyumbani kuambiwa umerudi na nini."

"Mimi nimewaambia," alisema Musau, "sitini hata ni nyingi kwa mtu wa Makueni."

"Wewe nyamaza, wewe ni wa Makueni," alisema Munguti. Kisha akamgeukia Bwana Wakhungu. "Mkubwa, tuongee kama watu wazima. Hapa Kitengela yote, mtu akijenga nyumba yake, fundi analipwa mia tatu. Mtu wa mkono mia na hamsini. Ukienda Kiserian ni hiyo hiyo. Ukiuliza hata huyu mzee Kisemei, anajua. Kila mtu analipa hiyo. Tupatie hiyo, upepo uende zake, kesho kutwa uko na ukuta."

Bwana Wakhungu alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyejitahidi na akakosa.

"Munguti, ndugu yangu. Hiyo unayosema ni ile inayolipwa na kila mtu mahali hapa."

"Ndiyo."

"Ile inayojulikana kote."

"Ndiyo, mkubwa!"

"Basi hiyo ni bei ya mtaani. Waraka hautaki bei ya mtaani. Serikali imetumia kurasa arobaini kutafuta mshahara unaovuma, na wewe unataka nilipe ule ambao watu wanalipa tu?"

Munguti aliweka kikombe chini. Akatoa kwenye mfuko wa koti nakala yake ya waraka, kwa kuwa kila fundi alipewa moja ili aelewe. Ilikuwa imejaa mafuta ya chapati. Aliifungua karibu na mwisho, akasoma kitu kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akaikunja tena vizuri.

"Sawa, mkubwa," alisema. "Tungoje Ijumaa."

Ijumaa Bi Wanjira alifika saa nne, na gari la serikali, na kofia. Kofia iliondoka mara tu aliposhuka. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, na juu ya mlingoti mguu wa Bwana Wakhungu ulikuwa unapiga mateke.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Bi Wanjira.

"Ni mshahara, madam."

Bi Wanjira alikuwa afisa mzoefu. Hakuuliza tena. Mzee Kisemei alimsalimia "Sopa", akatoa ufunguo, akafungua kufuli ya shaba, akamshikia mlango. Bi Wanjira aliingia, akafuta viatu kwenye kigunia, akainua macho na kuona Mbuga ya Kitengela yote hadi upeo wa macho, pamoja na punda wa mtu.

"Bwana Wakhungu. Ukuta uko wapi?"

"Umecheleweshwa na hali ya hewa, madam."

"Umecheleweshwa na sisi," alisema Munguti kutoka nyuma. Alikuwa ameingia kwa upande wa pundamilia. "Madam, huo ukuta ukisimama, sisi tunalala njaa. Sheria yenu inasema tulipwe upepo. Sasa nani atajenga ukuta wa kuzuia mshahara wake?"

"Tulipwe upepo? Nani amesema mtu alipwe upepo?"

"Ni wewe, madam." Munguti alifungua ile nakala yenye mafuta. "Saini yako iko kila ukurasa. Ni nzuri, iko na mkia mrefu."

Bi Wanjira alichukua karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu waraka uanze safari yake, afisa wa serikali aliusoma kupita ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa dakika kumi. Alipokutana na "mshahara unaovuma" mara ya ishirini alikaa chini, juu ya mfuko wa simiti.

"Huu ni upuuzi," alisema. "Huu wote ni upuuzi mtupu."

"Umesema ni upuuzi?" aliuliza Munguti haraka. "Mzee Kisemei, umesikia? Bwana Musau? Basi, madam, fungua ukurasa wa arobaini. Ibara ya thelathini na moja."

"Waraka uko na ibara thelathini."

"Huu wetu uko na moja zaidi."

Bi Wanjira akafungua. Akasoma kwa sauti, na upepo ukayachukua maneno na kuyapeleka Kisaju: "Ibara ya thelathini na moja. Iwapo ibara zilizotangulia zitaonekana na afisa yeyote kuwa za kipuuzi, papo hapo zitawaachilia mafundi, ambao watalipwa kama kila mtu anavyolipa mahali hapo, na zitaendelea kuwabana wale waliozitia saini, na hao tu, mpaka waraka mwingine utoke."

Mabati yakapiga kelele.

"Nani aliandika hii?" aliuliza Bi Wanjira.

"Mtaalamu," alisema Bwana Wakhungu. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mtaalamu wa hali ya juu."

"Yule aliyelipwa elfu sita?"

"Huyo huyo, madam."

"Anaitwa nani?"

Na hapa ndipo sifa ya Phylis ilipoangusha ofisi. Bi Wanjira alirudisha macho kwenye ukurasa ule ule. Chini kabisa, baada ya ibara ya mwisho, kwa herufi safi za mashine, paliandikwa: "MWISHO. Nasike W., Kidato cha Tatu Kaskazini. Mwalimu, naomba usinikate alama za mwandiko."

Bwana Wakhungu aligeuka polepole. Juu ya rundo la mawe, karibu na mlingoti, alikuwa ameketi msichana wa miaka kumi na sita, yuko likizo kutoka shule ya bweni, anakula hindi la kuchoma na kutazama mambo yalivyokuwa yanakwenda. Alikuwa ametumwa na chupa ya chai ya baba yake tangu saa tatu.

"Nasike," alisema Bwana Wakhungu. "Njoo hapa."

Msimulizi angependa kuendelea kusema kwamba msichana huyo alikuwa mpole na mwenye sura ya kupendeza. Lakini hindi lilinianguka mkononi, na nadhani hakuna haja ya kuendelea kujificha. Ni mimi.

"Ulijua maana ya lile neno?" Bi Wanjira aliniuliza.

"Ndiyo, madam. Kamusi ilikuwa na maana mbili."

"Ya pili ilikuwa ipi?"

"Unaolipwa na wengi mahali hapo."

"Kwa nini hukuandika hiyo?"

"Haikuwa inachekesha, madam."

Munguti alikohoa. Baba alitazama viatu vyake.

"Na hii ibara ya thelathini na moja?"

"Nilitaka kuona kama kuna mtu atasoma mpaka mwisho."

"Na ulionaje?"

"Fundi Munguti peke yake."

Bi Wanjira akaniuliza kama kweli nililipwa elfu sita. Nikasema nilipewa soda moja na mandazi mawili, na andazi moja tukagawana na Phylis. Baba, ambaye alikuwa amekwisha kuinua mkono kunionyesha kidole, akaushusha na kuanza kukagua fremu ya mlango kwa makini sana.

Nakiri pia kwamba nilipoandika upepo sikumfikiria Munguti hata kidogo. Nilifikiria tu sura ya baba akisimama chini ya suruali yake mwenyewe. Siku ile ukuta wa kwanza ulipopanda na mafundi wakalipwa sitini sitini, nilikuwa pale pale juu ya mawe, na sikucheka. Usiniulize zaidi.

Bi Wanjira alikuwa na njia mbili. Angeweza kuufuta waraka, lakini hapo angelazimika kuandika kwamba alitia saini kurasa arobaini bila kuzisoma. Au angeweza kuutii. Akautii. Aliandika pale pale, goti likiwa meza: mafundi mia tatu, watu wa mkono mia na hamsini, na Musau awafidie zile siku za sitini.

"Na zile siku za mia nne, wananirudishia?" aliuliza Musau.

"Hizo dai kwa upepo," alisema Munguti.

Ukuta wa mashariki ulijengwa Jumamosi na Jumatatu. Sijaona ukuta wa haraka namna hiyo, wala mzuri namna hiyo. Hata mianya ya magharibi waliiziba bila kuulizwa. Safu ya kwanza, mguu wa suruali ulitetemeka. Safu ya tano ulilegea gotini. Walipofika juu chini ya mabati, uliteremka taratibu, ukalala kando ya mlingoti, ukatulia. Baba aliandika siku hiyo hiyo kuomba mlingoti uhamishwe, nakala tatu. Makao makuu yakajibu kwamba ombi linashughulikiwa na Bi Wanjira, ambaye naye anangojea kibali cha mtu mwingine.

Barua ya kumthibitisha ilikuja wiki hiyo. Ni Mratibu kamili sasa. Kiti cha mvule kiko ofisini, kikombe upande huu, mhuri upande ule, na barua inasema wazi kwamba marupurupu yake yatabaki kuwa yanayovuma hadi waraka mwingine utoke. Waraka huchukua kama miaka mitatu. Kila siku saa tisa simu ya ofisi hulia, na sauti ya Bi Wanjira huuliza kutoka Nairobi bila salamu: "Leo je?"

Adhabu yangu ilikuwa kuandika maelezo haya bila kuficha kitu. Nilianza kwa nafsi ya tatu ili yaonekane rasmi. Nilidhani hapo ndipo adhabu inaishia, mpaka mama alipoketi kitandani kwangu na orodha ya vitu vya kurudi navyo shuleni, sabuni, viatu, daftari, na pesa za matumizi, akaniuliza kama najua pesa za matumizi yangu hutoka wapi.

Hutoka kwenye marupurupu.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kila asubuhi natembea hadi zahanati, napita kwa mlango wa mbele kama watu, namkuta mzee Kisemei kwenye kigoda chake nyuma ya ule ukuta mzuri.

"Sopa, mzee."

"Epa."

"Leo uko?"

Anaangalia juu polepole, kwa heshima ya cheo chake, mpaka kwenye mguu wa baba yangu ulionyooka kuelekea chini.

"Metii," anasema.